Stelingi ya Kinyume

Kama hujawahi kuendesha lori ambalo stelingi yake imekwisha, usimcheke Bashiru. Unakata usukani kulia, lori linawaza. Unaongeza, bado linawaza. Halafu linakubali lote kwa mpigo, na wewe umeshapitiliza, inabidi uurudishe kushoto, nako linaanza kuwaza upya. Hivyo ndivyo alivyokuwa akitoka Kivinje na shehena ya chumvi, anafika Lindi mabega yamekufa ganzi, na watu wa kando ya barabara wakimwona anavyoyumba wanasema dereva kalewa. Bashiru huyo! Mtu anayelijua tembo kwa harufu ya jirani tu.

Lori lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Bi Mwanahija, mjane mwenye majaruba ya chumvi kando ya mikoko, na kabla yake la marehemu mumewe, ambaye ndiye aliyemkabidhi Bashiru ufunguo wakati Bashiru hana hata ndevu. Tangu hapo hakufanya kazi nyingine. Hakulima, hakuvua, na biashara ilimshinda siku nyingi. Uliza kuanzia Somanga hadi Mtanda, Bashiru yupi, utaambiwa Bashiru wa chumvi, yule wa lori. Bila lori angekuwa Bashiru yupi, hata yeye hakujua, na swali hilo lilianza kumkosesha usingizi siku Imani aliporudi.

Imani alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Mwanahija. Huko Dar alikuwa akiendesha malori ya kokoto, na alirudi na miwani ya jua na maneno mengi. Hakuwa kijana mbaya, tuseme ukweli. Alisalimia vizuri.

"Shikamoo, mzee Bashiru."

"Marahaba."

"Shangazi anasema gari limechoka. Nikamuuliza, gari ndilo limechoka au dereva?" Akacheka. "Natania tu, mzee wa kazi."

Bashiru naye akacheka, kicheko cha meno tu. Moyoni alikuwa amekwisha kufanya hesabu yake: kijana hana kazi, leseni anayo, na mwenye lori ni shangazi yake. Hapo hata mjinga anaona kinachokuja.

Na kweli, haukupita muda Bi Mwanahija akamwita barazani. "Bashiru mwanangu," alisema, "watu wananiambia unayumba barabarani. Ukimgonga mtoto wa mtu, Mungu ataniuliza mimi. Litengenezwe. Likishindikana, nitampa Imani alipeleke Dar akalifufue, abaki nalo huko huko." Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomuumiza. Angefokewa angejua la kujibu.

Bashiru akalipeleka lori Nangurukuru kwa Tomaso, Mmakonde mmoja mwenye gereji chini ya mwarobaini, nyuma ya vibanda vya mama lishe. Walikuwa wakiitana mtani, na utani wao ulikuwa wa kutukanana tangu asubuhi mpaka jua lichwee. Tomaso akalifungua boksi la stelingi, lile dude la chuma lililo chini ya usukani, ambalo ndilo linalopokea mzunguko wa mikono na kuupeleka kwenye matairi. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, yanang'aa vumbi la chuma. Gololi za ndani zilikuwa zimelika, njia yao imechimbika, na beringi ukizitikisa zinalia.

"Mtani, hapa hakuna stelingi," Tomaso alisema. "Hapa pana uji wa chuma."

"Utalifufua?"

"Nitalifufua, lakini spea zake siku hizi ni za kutafuta kwa tochi. Nipe muda."

"Muda ndio sina!" Bashiru alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye mwenyewe. "Wananinyang'anya lori, Tomaso. Hujaelewa?"

Basi wakapiga simu Dar, kwa muuzaji mmoja wa spea chakavu. Boksi jingine likaja na basi, limefungwa kwenye kiroba. Tomaso akaligeuza huku na huku, akapima matundu ya bolti, akapima shafti, vyote sawasawa. Akalifunga. Bashiru akapanda, akawasha, akakata usukani kulia, na usukani ukawa mwepesi, hauchezichezi hata kidogo. Machozi ya furaha yalikuwa karibu. Ndipo alipomsikia Tomaso chini akisema, "Yesu na Maria!"

Matairi yalikuwa yamekata kushoto.

Akarudia. Kulia, yanakwenda kushoto. Kushoto, yanakwenda kulia. Tomaso alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wa mwenzake, akainuka. Akaeleza: boksi lile lilitoka kwenye gari la nchi za watu, lenye usukani upande wa kushoto. Kwa nje pacha, kwa ndani gololi zinapanda kinyume. Wakampigia muuzaji. Simu iliita mpaka ikachoka, na kesho yake haikuita kabisa.

"Nalifungua," Tomaso alisema.

"Liache."

"Wewe una wazimu?"

"Mikono inafundishika," Bashiru alisema. "Nilifundishwa mara moja, nitafundishwa mara ya pili."

Kuna majaruba ya zamani huko Kivinje, yaliyoachwa yakakauka, uwanda mweupe usio na mti wala mtu. Huko ndiko Bashiru alikopeleka lori kwa mwendo wa kinyonga, akaanza upya kama mwanafunzi. Loo, aliteseka mtu yule! Akili inasema kulia, mkono unakwenda kulia, lori linakwenda kushoto na kuparamia tuta. Alijitukana matusi ambayo Tomaso hakuwahi kuyafikia. Siku moja aliinamia usukani akalia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. Lakini alikuwa mbishi, na woga wa kukosa kiti ulikuwa mkubwa kuliko uchovu. Kidogo kidogo mikono ikaelewa. Ikafika siku akazunguka jaruba zima bila kufikiri, akajikuta anaimba.

Akarudi barabarani. Lori lilikwenda limenyooka, watu wakamsifu, Bi Mwanahija akamwombea dua. Ni Tomaso peke yake aliyekuwa hana raha.

"Mtani, hili si la kuchezea. Barabara ile ina watoto wa shule."

"Nifichie. Nikikosa kiti kile mimi nimekwisha, na unajua."

Tomaso alifikiri sana huku akifuta mikono na kitambaa kichafu. "Nitanyamaza," alisema mwishowe. "Lakini boksi lako la zamani ninalitengeneza polepole. Siku likiwa tayari, linarudi mahali pake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Bashiru alijibu, na hakuwa na nia hiyo hata chembe. Kwa sababu alikuwa ameshagundua jambo, na jambo lenyewe lilimlewesha kuliko tembo: lori lile sasa hapakuwa na mwingine chini ya jua awezaye kuliendesha.

Imani alilithibitisha mwenyewe. Asubuhi moja Bashiru akiwa anakunywa chai na wabebaji wa chumvi, kijana aliomba ufunguo kwa shangazi yake, asogeze lori tu karibu na lundo la chumvi. Alitia gia, akakata usukani, na mbele ya watu wote lori likageuka upande asioutaka, likapanda tuta, likachovya pua kwenye maji ya chumvi. Kelele! Bashiru akaweka kikombe chini bila haraka. Akapanda, akalitoa kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kitumbua. Wabebaji walimshangilia kama mfungaji wa bao.

Imani alishuka rangi imempotea. "Hili gari limefanyiwa," alisema. "Nimekata kulia, likanivuta kushoto. Wallahi, limenivuta!"

Neno hilo lilitosha. Mpaka alasiri Kivinje nzima ilikuwa inajua kwamba Bashiru kalifunga lori kwa dawa, kwamba alikwenda kwa mganga huko bara, kwamba chini ya kiti kuna kitu kimeshonwa kwenye kaniki. Bashiru alisikia yote na hakukanusha hata moja. Waliokuwa wakimwita mzee wa kuyumba sasa walimpisha njia.

Mkewe, Mboni, ndiye aliyekuja juu. "Kisimani wanasema nalala na mchawi. Kanusha, Bashiru! Unangoja nini?"

"Waache waseme."

"Waseme mpaka lini? Wewe nawe umekuwa mtu wa namna gani?" Akamgeuzia mgongo.

Bi Mwanahija alikuwa mcha Mungu, na jambo la dawa lilimwingia rohoni. Akawaita masheikh. Lori likaoshwa, likafukizwa ubani, Yasini ikasomwa wakilizunguka, na Tomaso akaitwa kutoka Nangurukuru afungue boneti ili maji ya dua yanyunyizwe mpaka ndani. Mkristo wa watu akafungua, akashika bakuli kwa heshima, akanyunyiza. Bashiru alisimama ameinamisha kichwa akiitikia amina. Bi Mwanahija alikuwa anatokwa na machozi. Alikuwa anamwombea Bashiru, kwa jina lake, asamehewe.

Walipobaki wawili, Tomaso hakutania. "Umemfanya mama wa watu amsumbue Mungu kwa ajili ya gololi," alisema, akaingia zake barabarani kusubiri basi.

Ulipita msimu mzima wa chumvi, kuanzia jua lilipoanza kukausha majaruba hadi mawingu ya vuli. Bashiru hakukosea hata kona moja. Halafu shemeji yake akafariki huko Lindi, naye akaenda mazikoni, akakaa mpaka hitima. Lori aliliacha gerejini kwa Tomaso, libadilishwe oili tu.

Aliposhuka Nangurukuru wakati wa kurudi, alimkuta Bi Mwanahija ameketi kwenye kiti cha mama lishe chini ya mwarobaini, kajitanda buibui, na Imani kasimama pembeni yake. Lori lilikuwa limeoshwa. Tomaso akamvuta Bashiru nyuma ya lundo la matairi.

"Nimelirudisha boksi lako," alisema. Uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto. "Shafti nimeipeleka kwa mtu wa mashine Lindi akaichonga upya. Gololi mpya, beringi mpya, silii mpya za kuzuia oili. Limekuwa kuliko lilivyotoka kiwandani. Mama nimemwambia tatizo la stelingi limekwisha, basi, sikusema zaidi. Siri yako naizika hapa hapa. Umepona, mtani."

Bashiru akamkamata mkono. "Nani alikutuma?"

"Tulielewana."

"Umeniua, Tomaso. Imani sasa atapanda na kuondoka nalo."

"Si lazima aondoke nalo! Wewe ndiye dereva wa lori hili. Panda ulitoe, mama anasubiri kurudi nyumbani. Muoneshe."

Alipanda. Angefanya nini? Akakaa kwenye kiti ambacho makalio yake yalikuwa yamekichimbia shimo, akawasha, akaugusa usukani. Kazi ya Tomaso ilikuwa safi, usipime. Bashiru akajiambia kwa kunong'ona: leo kulia ni kulia, leo kulia ni kulia. Aliijua kulia tangu ujanani, itamshindaje? Njia ya kutokea gerejini ilikuwa nyembamba na ya mteremko, mwarobaini kushoto, ukuta wa kibanda kulia, na Tomaso akasimama mbele upande wa mti, kama alivyozoea, akiita kwa viganja.

"Njoo. Njoo. Njoo hivyo hivyo. Haya, kata kulia."

Bashiru alifikiri kwanza, akakata kulia. Lori likaenda kulia. Jasho lilimtiririka kwa raha. Akamtupia jicho Imani, akaona anatazama, na Bi Mwanahija anatazama, na mama lishe wameacha miiko wanatazama. Akaona haya kwenda kwa kusitasita namna ile mbele ya watu. Akaachia breki kidogo.

"Kulia tena, mti huo," Tomaso alisema. "Kulia. Kulia, mtani! Kulia!"

Mikono ilisikia, na ikafanya ilivyofundishwa kule kwenye uwanda mweupe. Ilikata kushoto. Kadiri Tomaso alivyopiga kelele ya kulia ndivyo mikono ilivyozidi kukaza kushoto, na lori zito likateremka polepole kuelekea mwarobaini, Tomaso akarudi nyuma hatua moja, akakosa pa kurudi. Bashiru alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori likasimama. Tairi la mbele lilikuwa limeubana mguu wa Tomaso kwenye shina, juu ya goti.

Hakupiga ukelele. Alishika boneti kwa mikono yote miwili, uso umekuwa wa majivu, akamtazama Bashiru kupitia kioo.

"Mtani," alisema, "kata kulia. Taratibu. Tairi liniachie, ndipo urudi nyuma."

Kulia. Neno moja. Bashiru aliitazama mikono yake juu ya usukani na hakujua ipi kulia. Alikuwa anajua, na hapo hapo hajui. Mikono ikaanza yenyewe kusogea, na safari hii Tomaso alilia, kilio kilichofanya mama lishe waanze kuita Mungu. Bashiru akaiinua mikono juu mara moja, mbali na usukani. Mguu wake haukutoka kwenye breki.

"Imani!" aliita. "Imani, baba, njoo! Panda hapa!"

Imani alikuja mpaka mlangoni, akasimama. Alikuwa anatikisa kichwa. "Mzee, hilo gari mimi siliwezi. Hilo gari lina mambo yako. Nikikata kulia litamsaga."

"Halina kitu! Panda!"

"Wallahi sipandi. Lilinivuta mbele za watu!"

"Halina dawa!" Bashiru alipaza sauti, nayo ikapasuka. "Halijawahi kuwa na dawa! Nilifunga boksi la kinyume, nikanyamaza, ili usiniondoe kwenye kiti hiki! Nimekudanganya, nimemdanganya mama, nimeacha watu wasome Yasini! Leo Tomaso kalitengeneza, leo kulia ni kulia, ni mikono yangu mimi iliyoharibika! Panda, mwanangu, nakuomba, atakufa!"

Bi Mwanahija alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Imani akaruka juu, akajibana kando ya Bashiru, mguu wake ukachukua breki chini ya mguu wa mwenziwe, na Bashiru akatoka kwa mlango wa pili akaanguka kwa magoti. Akasikia usukani unazunguka, kulia, taratibu, bila kusita. Akasikia gia ya nyuma inaingia. Tairi likaachia, na Tomaso akadondoka mikononi mwa watu.

Mguu haukuwa wa kutazamwa. Mama lishe mmoja aliivua kanga yake ya kujifunga kichwani, wakaufunga juu ya jeraha kwa nguvu, damu ikapita. Bashiru alitambaa mpaka kichwani kwa Tomaso, akakishika. "Nisamehe," alisema. "Tomaso, nisamehe. Nitukane. Nitukane basi, mtani." Tomaso alifumbua macho, akayafumba.

Mfanyabiashara mmoja wa ufuta alikuwa amesimamisha pikapu yake hapo kula. Alikuja mbio, akaona damu, akatoa ufunguo na kuuinua juu.

"Mimi siwezi, mikono haitulii! Hospitali ya Kinyonga, Kivinje, ni hapo tu! Nani dereva hapa?"

Kwa mazoea watu wote wakamgeukia Bashiru wa chumvi, hata wale waliokuwa wamesikia kila neno. Alikuwa bado amekishika kichwa cha Tomaso. Akaona ule ufunguo, akaona macho yao, akaificha mikono yake kwapani.

"Mimi siyo," alisema.